Kitabu Kilichonunuliwa kwa Jino

IJUMAA, SAA KUMI NA MOJA JIONI. ZIMEBAKI SAA KUMI NA SABA.

"Usikifungue," Mjomba alisema.

Ilikuwa mara ya tatu. Gundi alikuwa akihesabu.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha karakana ya kujalidi vitabu. Mlango umekomewa, dirisha limezibwa kwa kadibodi. Mezani palikuwa na makopo ya gundi, kibanio cha chuma, na rundo la madaftari ya mahudhurio ya shule yakisubiri kushonwa migongo. Katikati ya hayo yote kisanduku kimoja cha kiberiti, na wote wanne walikuwa wakikitazama kama kitu kinachotaka kupiga chafya.

Mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kaka wa marehemu mama yake Gundi, miaka sitini na kitu, koti la kijivu asilolivua hata joto la saa saba mchana. Ndani ya koti kulikuwa na bastola aliyodai haina risasi. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja, kwa hiyo jino lake la dhahabu uliliona kwa bahati tu. Kulia kwake alikaa Kufuli, mwembamba, mpole, ambaye hakuna mlango uliowahi kumkatalia. Mlangoni alisimama Dereva, simu sikioni, kama kawaida yake.

"Zima hiyo simu," Mjomba alisema.

"Ni shemeji yangu tu."

"Hata kama ni mama mkwe. Zima."

Dereva akazima. Mjomba akaanza upya.

"Daktari wa meno mstaafu. Ana vijitabu mia tatu kwenye kabati la vioo, vidogo vidogo, kikubwa chao hakizidi kiberiti hiki."

"Mtu mzima anakusanya vitabu vya kusomea sisimizi!" Dereva akacheka peke yake.

Gundi hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa navyo kumi na kimoja, amevificha nyumbani ndani ya kasha la miwani. Hakuwa amemwambia mtu. Utamwambia nani, na kwa maneno gani, kwamba kila ukirudi umechoka unafungua kasha la miwani na kuviweka vitabu kumi na kimoja kwenye kiganja kimoja, na moyo unatulia?

"Mteja anataka kimoja tu," Mjomba aliendelea. "Chekundu, cha ngozi, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kufuli alikipiga picha wiki iliyopita kupitia kioo. Gundi ametengeneza feki yake, imo humo kiberitini. Nje hakuna atakayetofautisha. Ndani kitupu, lakini yule mzee ana mia tatu, hawezi kukifungua kila siku. Akija kugundua, sisi tumeshasahau jina la mtaa wake."

Kisha mpango. Saa nne asubuhi daktari hufungua nyumba kwa wageni, kila Jumamosi, mpaka saa kumi jioni. Kufuli na Gundi wataingia kama mtu na dada yake. Saa nne na nusu Kufuli atashikwa na jino. Mzee alistaafu lakini mikono haijastaafu. Ana kiti chake chumba cha pembeni, anatibu majirani. Akisikia mtu analia jino hawezi kujizuia. Atamchukua Kufuli, Gundi atabaki na kabati. Ufunguo Kufuli ameshauchonga.

"Na mle ndani hakuna majina ya kazi," Mjomba alisema. "Umesikia? Mle ndani huitwi Gundi. Wewe ni Mwalimu. Jina la Gundi lisitoke mdomoni mwa mtu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa chochote. Unatoa cha kweli, unaweka feki, unafunga. Dakika tano. Na usikifungue."

Mara ya nne.

"Kwa nini nisikifungue, Mjomba?"

"Kwa sababu nakujua. Ukishika kitabu unasahau hata jua limezama."

Lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo lililomtia shaka. Mjomba hakuwa mtu wa majibu mazuri. Siku zote jibu lake lilikuwa "kwa sababu nimesema".

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Garini."

"Si uingie nasi, tuonekane familia?"

"Nina kikohozi."

Hakuwa amekohoa tangu masika.

"Baada ya hii nakupa hati," Mjomba alisema, akalegeza sauti. "Kazi moja hii tu, mpwa wangu. Karakana inakuwa yako."

Hapo ndipo Gundi alipofungwa. Karakana ilikuwa ya baba yake. Alipofariki, Gundi alikuwa na miaka tisa, na hati ikabaki mikononi mwa Mjomba "mpaka ukue". Sasa alikuwa na thelathini na minane. Alikuwa amekua vya kutosha.

Baba hakumwachia kitu kingine. Kulikuwa na kijitabu alichokuwa akimshonea mwezi ule wa mwisho, anakificha kwenye ngumi kila binti akikaribia. "Bado, bado," alikuwa akisema. Gundi hakukiona kikiisha. Baada ya mazishi alimuuliza Mjomba, na Mjomba akamwambia kilikwenda na baba kaburini, ndivyo marehemu alivyotaka. Alilia, kisha akajifariji: angalau kiko mkononi mwake.

Mjomba alipoinama kuchukua kofia, Gundi akaona bitana ya lile koti imeshonwa upya kwa mkono, mishono mirefu, uzi wa rangi tofauti. Jicho la fundi halipumziki.

"Mjomba, nivulie hilo koti nikushonee vizuri. Ni aibu."

"Liache!" Mjomba akang'aka, mpaka Kufuli akashtuka na kujishika shavu.

"Shavu limevimba?" Gundi alimuuliza.

"Najizoeza," Kufuli alisema, machozi yakimlengalenga.

Walipotoka mmoja mmoja, Gundi alimsikia Dereva uchochoroni, simu sikioni. "Kesho, saa kumi. Nitakuletea mwenyewe. Hapana, hawajui."

Usingizi haukuja. Mmoja ana kikohozi kisichokohoa. Mmoja anaahidi kupeleka kitu wenzake wasichokijua. Mmoja anajizoeza maumivu hadi machozi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo zenyewe zilikuwa tatu.

JUMAMOSI, SAA NNE KASORO DAKIKA TANO ASUBUHI.

Gari dogo jeupe liliegeshwa nyumba ya tatu kutoka kwa daktari. Mjomba kiti cha nyuma, kofia hadi kwenye nyusi.

"Mwangalie," Gundi alimsikia akimnong'oneza Kufuli. "Akikifungua, uniambie."

Alijifanya hakusikia. Akashuka na kiberiti chake mfukoni.

Daktari mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Mzee wa miaka sabini na ushei, sweta lililotoboka viwiko, kioo cha kukuzia kikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Karibuni, karibuni! Viatu acheni hapo. Vumbi ni adui wangu wa kwanza, wa pili ni panya." Hakuwatazama machoni. Aliwatazama midomoni. "Wewe ulikuja Jumamosi iliyopita. Sura nasahau, meno sisahau. Gego la chini kushoto. Nilikuonya au sikukuonya?"

"Ulinionya, Daktari."

"Na huyu?"

"Dada yangu. Mwalimu."

Sebule ilikuwa na kiti kimoja, meza moja na kabati. Gundi akalisogelea. Akasahau kupumua.

Mia tatu. Vimesimama kwenye rafu nyembamba, migongo nje, kila kimoja na mahali pake. Daktari akawapa kila mmoja kitambaa laini na kioo, akaanza kuviweka viganjani mwao kimoja kimoja, kama mtu anayeonyesha vifaranga. Kamusi isiyozidi kipande cha sabuni cha nyumba ya wageni. Kitabu cha nyota chenye nyota zote mahali pake. Kitabu cha hesabu alichokiandika mwanafunzi ili aibie mtihani.

"Alikamatwa," daktari alisema. "Lakini mwalimu wake alikitazama, akaona kimeandikwa vizuri mno, akashindwa kukichana. Alimnyima maksi, kitabu akakitunza miaka arobaini. Mwalimu, wewe ungefanyaje?"

"Ningemnyima maksi," Gundi alisema, "halafu ningemuuliza kalamu yake kainunua wapi."

Mzee akacheka hadi kioo kikarukaruka kifuani.

"Umeelewa! Watu huniuliza, mzee, kitabu kisichosomeka bila kioo kina faida gani? Nawaambia, kitabu kikubwa unakisoma huku unawaza mambo mengine. Hiki huwezi. Ukihema kwa nguvu ukurasa unageuka wenyewe. Lazima utulie. Na ukishakipata kimoja, unaanza kukitafutia mwenzake. Asubuhi naamka najiuliza, leo nitampata nani? Kwenye debe la vifungo, ndani ya mfuko wa koti kuukuu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nimeoa wake mia tatu na yeye ndiye mkubwa wao tu kwa umbo."

Gundi alicheka. Alicheka kwa dhati, na kwa dakika nzima alisahau kwamba yeye ni mwizi. Ulimi ulimwasha kumwambia: mimi ninavyo kumi na kimoja. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeelewa. Akaumeza.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini na tano. Daktari akainua kidole hadi rafu ya juu, kwenye mlango wake mdogo wenye kufuli. Kijitabu chekundu kilikuwa peke yake.

"Na huyu sikumnunua kwa fedha. Nilimnunua kwa jino."

"Kwa jino?"

"Jino. Habari yake ndefu, na nina swali ambalo huwauliza wageni wote, maana..."

"Aaaaaa!" Kufuli akapiga yowe.

Dakika tano kabla ya wakati. Gundi alimgeukia kwa hasira, kisha akaona jasho. Huyu hakuwa anazuga. Jino la kweli lilikuwa limekuja kazini mapema.

"Nilikuonya!" Daktari akamshika kiwiko, uso umechangamka kama wa mtu aliyepata mgeni wa siku nyingi. "Njoo, njoo. Mwalimu, tuwie radhi. Usiguse cha juu."

Mlango wa chumba cha pembeni ukabaki wazi kidogo.

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI NA NANE.

Ufunguo ukaingia. Mlango mdogo wa kioo ukafunguka bila kulalamika. Gundi akakishika kile chekundu kwa ncha za vidole viwili.

Sasa hapa, ndugu yangu, lazima nikuambie jambo kuhusu watu wa kazi hii. Fundi viatu akikutana nawe anatazama miguu yako. Mshonaji nguo atakipindua kipindo cha sketi yako huku anakuamkia. Na fundi wa kujalidi, mpe kitabu chochote, hatazami jalada. Anakifungua katikati atazame uzi. Si kwamba anataka. Mkono ndio unaofanya, kichwa kinafuata baadaye. Mjomba alikaa na shemeji yake fundi miaka kumi, akamlea fundi mwingine miaka ishirini na tisa, na bado alidhani mkono kama huo unaambiwa "usifungue" ukasikia.

Mkono wa Gundi ukafungua katikati.

Akaona uzi. Mafundo mawili yaliyokaa sambamba, mkia wa uzi umerudishwa chini yake usionekane. Fundo la mapacha. Mtu mmoja tu ndiye aliyefunga hivyo, na mtu mmoja tu ndiye aliyefundishwa.

Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kioo.

*Kwa Gundi. Usome ukikua. Baba.*

Gundi lilikuwa jina alilompa baba, kabla halijawa la genge. Alimwita hivyo kwa sababu vidole vyake havikuacha kunata tangu alipoanza kutambaa chini ya meza ya kazi.

Hakikwenda kaburini. Hakikuwahi kwenda kaburini. Alitaka kupiga ukelele, akajiuma kiganja.

Toka chumba cha pembeni sauti ya daktari ilikuwa ikitiririka. Madaktari wa meno ndivyo walivyo, hupenda mazungumzo na mtu asiyeweza kujibu.

"Tanua. Hivyo hivyo. Basi nilikuwa nakueleza kile chekundu. Mwaka wa ishirini na tisa huu. Alikuja mtu, jino la mbele juu kushoto limekatika kwa ugomvi. Hana cha kunilipa ila kijitabu. Anasema kakiokota. Nilipokiona nikamtilia jino la dhahabu, maana niliona kwa jino la kawaida nitakuwa namwibia. Tulia, ni sindano ya ganzi tu. Alipokwisha kwenda ndipo nikasoma ukurasa wa kwanza. Kimeandikiwa mtoto! Nani anaokota kitabu ambacho baba kamwandikia mwanawe? Sikulala. Tangu mwaka ule nafungua nyumba kila Jumamosi, namuuliza kila anayeingia: unamjua mtu aitwaye Gundi? Kitabu ni chake. Akija leo, anakichukua leo. Wewe wiki iliyopita ulitoka kabla sijakuuliza. Unamjua Gundi?"

"Ng'ng'ng'," alisema Kufuli.

"Usijibu, sindano bado imo."

Gundi alisimama na kitabu mkononi. Hatua sita na neno moja. Angeusukuma ule mlango, angesema jina lake, na kitabu alichokuja kukiiba angepewa kwa mikono miwili.

Lakini nje kulikuwa na Mjomba, na bastola isiyo na risasi kwa maneno yake mwenyewe, na hati. Na mle chumbani kulikuwa na Kufuli, aliyetumwa amchunge, ambaye sasa ameyasikia yote. Hakujua Kufuli ni wa nani.

Akauvuta utepe mwembamba wa kitabu, akaulaza kwenye ukurasa wa katikati, palipo na fundo. Akakirudisha rafuni. Akafunga. Aliingia na feki, akatoka na feki.

Daktari akarudi anajifuta mikono. Nyuma yake Kufuli, pamba mdomoni, nusu ya uso imelala kama imepigiwa mluzi ikakataa kuitika. Macho yake yakamkazia Gundi.

"Na wewe, Mwalimu," daktari alisema. "Swali langu. Unamjua mtu yeyote aitwaye Gundi?"

Kufuli hakupepesa.

"Nitakuletea jibu, Daktari," Gundi alisema. "Kabla hujafunga."

SAA TANO NA ROBO ASUBUHI.

Gari liliondoka polepole. Simu ya Dereva iliita, akaikata. Ikaita tena.

"Kimepatikana?" Mjomba aliuliza.

"Kimepatikana."

"Hukukifungua?"

"Si ulinikataza?"

Mjomba akamgeukia Kufuli. "Alikifungua?"

Gundi akatazama dirishani. Kufuli alitoa sauti isiyo neno, akaonyesha pamba.

"Tingisha kichwa, bwana! Alikifungua au hakukifungua?"

Kufuli akamtazama Mjomba mdomoni. Si machoni, mdomoni, pale juu kushoto. Akakitazama muda mrefu kile kilichong'aa hapo. Kisha akatingisha kichwa. Hapana.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Gundi akashusha pumzi kidogo kidogo, zisisikike.

"Lete," Mjomba alisema.

"Hati kwanza."

Bahasha ya kahawia ikatoka mfuko wa nje wa koti. Kiberiti kikatoka kwa Gundi. Wakapeana kwa pamoja, kama watoto wasioaminiana. Mjomba akakitikisa kiberiti sikioni. Dole gumba lake likagusa kidroo, likaanza kusukuma.

"Kifungue, Mjomba," Gundi alisema. "Tukitazame wote. Kule ndani sikupata hata nafasi."

Dole gumba likasimama.

Hapo ndipo penye utamu wake. Mjomba alitaka kukifungua. Alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Lakini akikifungua, na kama ni cha kweli, binti huyu ataliona jina lake kwenye ukurasa wa kwanza. Uongo wa miaka ishirini na tisa ulikuwa umemkalia juu ya mkono.

"Haina haja," alisema. "Kisije kikapeperuka." Akakitia mfukoni.

Vidole vya Gundi vilikuwa juu ya bahasha. Karatasi ya hati ni nzito, ina mgongo. Hii ilikuwa laini, ya duka la kutolea kopi. Alilijua hilo bila kuifungua.

"Nawe huifungui?" Mjomba aliuliza, macho yamekuwa madogo. "Huniamini?"

"Nikuamini nani zaidi, Mjomba? Si wewe uliyenilea?"

Akashuka kwenye kona. Kufuli akashuka naye, akaenda upande wake bila kugeuka nyuma. Gari likaendelea kwa mteja, miadi ya saa saba, kwenye ghala la matairi nyuma ya kituo cha mafuta.

Nyumbani aliifungua bahasha. Kopi, na kopi yenyewe ya bili ya maji. Hakushangaa, lakini alikaa chini muda. Mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Mtu aliyemshonea sare ya shule kwa mkono, kwa mishono mirefu, mibaya. Alilia kwa hasira na kwa kumpenda, yote pamoja, kisha akanawa uso na kuchukua lile kasha la miwani.

SAA TISA ALASIRI. IMEBAKI SAA MOJA NYUMBA IFUNGWE.

"Mwalimu!" Daktari alisema mlangoni. "Umeniletea jibu?"

"Mimi si mwalimu."

"Najua. Kuna mtu kauhamisha utepe. Mimi huuacha ukurasa wa kwanza, nimeukuta katikati. Walimu hawafungui kitabu katikati. Nilikaa mchana kutwa najiambia, mzee, usitumaini bure."

"Nilikuja kuiba," Gundi alisema. "Naitwa Gundi."

Gundi akafungua kasha la miwani, akatoa kimoja ambacho alikishona mwenyewe, akakifungua katikati, akampa. Daktari alikitazama fundo kwa kioo, akaenda kabatini, akaleta kile chekundu, akaviweka pamoja. Akatazama kimoja, akatazama kingine. Kioo kikaingia ukungu.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Ishirini na tisa. Nilianza kuogopa nitakufa nacho."

Akamwachia kiti. Gundi akasoma. Kurasa ishirini na nne, sentensi moja kila ukurasa. *Gundi aliamka. Gundi aligusa kopo. Kopo likamfuata hadi kwa mama.* Alikuwa anacheka na kulia, alipofika ukurasa wa kumi na moja kengele ya mlango ikalia kwa fujo.

Alikuwa Dereva, shati lina damu isiyo yake. Begani amemwegemeza Mjomba, kofia hakuna, leso mdomoni imelowa nyekundu.

"Daktari, samahani. Sijui kwingine. Kufuli kasema una mkono mwepesi, na gari la shemeji natakiwa nilirudishe saa kumi, nilimwahidi, wenzangu hawajui hata kama si langu..." Ndipo akamwona Gundi. Akaganda.

Hivyo ndivyo simu zile zote zilivyokuwa. Shemeji na gari lake. Gundi nusura acheke.

"Mteja alifungua kiberiti," Dereva alimwambia, sauti chini. "Akakuta kurasa tupu. Akasema, umeniletea kitabu kisicho na neno, basi nipe chenye thamani ulicho nacho. Watu wake wakachukua bastola. Kisha wakaleta koleo."

"Mkalishe kwenye kiti, kule chumbani," daktari alisema. Hakuuliza zaidi. Mtu analia jino. "Tanua, mzee. Tanua zaidi. Mwanangu, nishikie taa."

Gundi akakilaza kile chekundu wazi kwenye meza ya vifaa, akashika taa. Daktari akainama, akapangusa damu, akatazama pengo. Juu kushoto. Akatazama tena. Akanyooka taratibu.

"Sura nasahau," alisema. "Lakini hapa palikuwa na kazi yangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Macho ya Mjomba yaliondoka kwenye taa, yakapita kwenye meza, yakakikuta kile chekundu kimefunguliwa. Yakafika kwa Gundi, yakabaki hapo. Alijaribu kusema. Damu na maumivu vikamkatalia.

"Ulisema kilikwenda naye kaburini," Gundi alisema. "Miaka yote nimelala nikijua kiko mkononi mwake, Mjomba. Ulikuwa unacheka nacho."

Chozi likamtoka Mjomba kwenye kona ya jicho, likaingia sikioni. Huenda lilikuwa la maumivu. Gundi hakujua, na leo hakutaka kujua.

Mwanga wa taa ulikuwa umeangukia kifuani kwake, kwenye koti lililofunguka. Bitana. Mishono mirefu, uzi wa rangi tofauti. Gundi aliitazama kama fundi anavyotazama kazi mbovu, na ghafla akaelewa kwa nini koti hilo halivuliwi. Mtu asiyemwamini hata ndugu yake ataificha wapi hati?

Akampa Dereva taa. Akachukua kisu chembamba cha daktari. Akaushika mshono wa kwanza.

Mjomba akatingisha kichwa kwa nguvu hadi kiti kikalia.

"Ufi... ufifungue," alisema kupitia pengo. "Ufifungue!"

Gundi akafungua.